Kikulacho ki Nguoni: Intaneti Ikizorota, Pimeni Kwanza Kompyuta

Imekuwa ada katika majumba yetu kwamba intaneti ikizorota, lawama ya kwanza humwendea mwenye kampuni, na ya pili huwaendea watoto. Baba hupiga simu kwa hasira, akashawishiwa kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Mama humshuku binti kuwa anatazama filamu usiku kucha. Na binti, ambaye kazi yake ya chuo ina saa maalumu ya kuwasilishwa, hubaki akikodolea macho kiduara kinachozunguka kiooni. Mwezi ukiisha, fedha zimetoka, nyoyo zimechafuka, na uzito wa kompyuta ni ule ule.

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama mnaosimamia matumizi ya nyumba, wiki hii tungependa kuzungumzia sababu moja ambayo ni nadra kutajwa, nayo ni draiva. Hatumkusudii dereva wa matatu. Draiva ya kompyuta ni programu ndogo inayosimama kati ya mfumo mkuu, kama vile Windows, na kifaa kilichomo ndani ya mashine. Kadi ya waifai haifahamu lugha ya Windows, wala Windows haifahamu lugha ya kadi. Draiva ndiyo mkalimani wao. Mkalimani akiwa dhaifu, mazungumzo huharibika hata kama wazungumzaji wote wawili ni wazima.

Ujumbe utokao kwenye laptopu hupita hatua tatu. Kwanza huruka hewani hadi kwenye ruta iliyo sebuleni. Kisha hupita kwa waya au kwa mnara hadi kwa kampuni. Mwisho hushika nyaya za chini ya bahari, mfano wa zile za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka 2009, hadi ng'ambo. Kifurushi tunacholipia kinahusu hatua ya pili na kuendelea. Hakitibu maradhi yaliyo katika hatua ya kwanza, kama vile kisima kilichojaa kisivyomfaa mwenye ndoo iliyotoboka.

Tena dosari ndogo huzaa uzito mkubwa. Kila kipande cha ujumbe kinachopotea njiani hakina budi kutumwa upya, na mara nyingi mtumaji, kwa kudhani kwamba njia imesongamana, hupunguza kasi kwa makusudi. Hivyo draiva inayopoteza vipande vichache tu yaweza kuifanya intaneti nzima ionekane mgonjwa.

Draiva huharibikaje? Laptopu nyingi tunazonunua zimekwisha kutumiwa ng'ambo. Baadhi yake zilitengenezwa zama za Windows 7, kisha zikapandishwa hadi Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, huku draiva ikibaki ya kale. Pengine mambo huwa kinyume: sasisho la usiku huleta draiva mpya isiyopatana na kadi, na asubuhi mashine huamka si ile ya jana. Na pengine draiva ni nzima, ila imeruhusiwa kuilaza kadi ili kuokoa betri, nayo kadi huchelewa kuamka.

Basi tusihukumu kabla ya kupima. Kipimo cha kwanza hakihitaji ujuzi. Wekeni simu na laptopu mahali pamoja, kwa waifai moja, wakati mmoja, mfungue ukurasa ule ule. Zikizorota zote mbili, tazameni ruta au kampuni. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Kenya na jirani zake ziliathirika, na hapana draiva ambayo ingeweza kuponya hilo. Lakini simu ikienda mbio na laptopu ikajikokota, kikulacho ki nguoni mwako.

Kipimo cha pili ni programu iitwayo ping. Iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa chombo kinachotuma sauti majini na kusubiri mwangwi. Imo tayari ndani ya Windows. Bonyezeni kitufe cha Windows, andikeni cmd, kisha Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka, andikeni ipconfig na mtafute mstari wa "Default Gateway". Nambari iliyo hapo, mathalani 192.168.1.1, ndiyo anwani ya ruta yenu. Sasa andikeni ping -n 50 na kuifuatisha nambari hiyo. Kompyuta itaigongea ruta hodi mara 50 na kuandika kila jibu lilichukua milisekunde ngapi, yaani sehemu ngapi katika elfu moja za sekunde.

Laptopu iliyo karibu na ruta, wakati hapana mtu anayepakua kitu kikubwa, kwa kawaida hujibiwa chini ya milisekunde 10. Mkiona 2, 3, kisha ghafla 700, kisha "Request timed out", fahamuni kwamba ujumbe unakwama kabla haujavuka kizingiti cha nyumba. Isogezeni laptopu karibu na ruta mpime tena, kwani kuta nene za mawe katika nyumba zetu za kale hudhoofisha waifai. Pia mkiwa na waya wa mtandao, uchomekeni: kwa waya mambo yakinyooka na kwa waifai yakapinda, shaka yote iko kwa kadi ya waifai na draiva yake.

Tiba ifanywe kwa utaratibu, jambo moja kwa wakati, na kila baada ya jambo mrudie ping na kuandika matokeo kwenye karatasi. Bofyeni alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mchague "Device Manager", kisha "Network adapters", na mfungue sifa za kadi ya waifai. Ikiwapo sehemu ya "Power Management", ondoeni alama inayoruhusu kompyuta kuizima kadi. Hilo lisipofaa, na uzito ulianza baada ya sasisho, nendeni sehemu ya "Driver" mbonyeze "Roll Back Driver", ili ya zamani irudi. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hapana ya zamani iliyohifadhiwa. Hapo chukueni draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, kwa jina na nambari ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Ipakueni na kuihifadhi kabla ya kuiondoa iliyopo, maana ukimfukuza mkalimani kabla hujapata mwingine, utakosa hata njia ya kumtafuta.

Tahadharini na programu zinazojitangaza kuwa hutafuta draiva zote bure. Nyingi huishia kudai malipo, na nyingine hubeba uchafu ulio mbaya kuliko maradhi. Wala msishtushwe na tarehe. Draiva nyingi za Microsoft yenyewe huandikwa 21 Juni 2006 kwa makusudi, ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa, yenye tarehe ya baadaye, ipewe nafasi ya mbele. Atakayewaambia kwamba draiva hiyo imeoza kwa sababu ya tarehe tu, hajui au anatafuta malipo.

Na ikiwa mmefanya yote haya na hodi bado hazijibiwi, huenda kadi yenyewe imechoka. Mpelekeeni fundi pamoja na karatasi yenu ya vipimo, naye ataanzia pale mlipoishia badala ya kuwatoza kwa kubahatisha.

Kazi yote hii haizidi saa moja ya alasiri. Tunawasihi wazazi muifanye pamoja na watoto wenu, kabla ya kuongeza kifurushi na kabla ya kumnyang'anya binti kompyuta. Kumtuhumu mtoto kwa kosa la mashine ni dhuluma, na kifurushi kinaweza kubadilishwa mwezi ujao, ilhali neno zito lililokwisha kutamkwa halirudishwi.