Msimu Ukiisha, Habari Ndiyo Inaanza

Desemba ikikaribia, hasa ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, waandishi wa habari wa nje na wa ndani hupita Bunda wakielekea Musoma, Butiama na kwingineko mkoani Mara. Shule zimefungwa, ngariba wameanza kazi ya kukeketa, na wasichana wanakimbilia nyumba salama za Butiama na Mugumu zinazoendeshwa na shirika la Rhobi Samwelly. Mwaka 2018 filamu ya Giselle Portenier iliwaonyesha walimwengu wasichana hao. Picha ni za kweli. Kazi ya mwandishi huru ni kuuliza zimeacha nini nje.

Aanze na takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Wa 2022 ukakuta 28. Haraka tunaandika kwamba mila inakufa. Lakini waliohojiwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mama wa miaka 45 aliyekeketwa akiwa binti bado yumo kwenye hesabu, na mtoto wa miaka 11 aliyekeketwa Desemba iliyopita hayumo. Isitoshe, wastani wa mkoa unawachanganya Wakurya na Wajaluo wa Rorya, ambao kwa jadi hawana mila hiyo.

Kisha sheria. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kilichoingizwa 1998, kinamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Jirani zetu Kenya walikataza ukeketaji kwa umri wowote mwaka 2011. Adhabu yetu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Fedha hiyo hainunui hata ng'ombe mmoja mzima mnadani, ilhali binti aliyekeketwa huhesabiwa amekuwa mwali, na mahari yake ni ng'ombe kadhaa. Mwandishi akiishia kwenye neno "mila", uchumi huo unampita.

Mwisho, mlango alioingilia. Anayefika kwa gari la shirika huonana na waliotoroka, na wasioweza kutoroka hana njia ya kuwaona. Hao hujulikana kwa anayeishi nao mwaka mzima, kama watangazaji wa redio za jamii, Mazingira FM ya Bunda ikiwamo. Mgeni makini hushirikiana nao, huficha sura na kijiji cha mtoto, kisha hurudi Machi.

Machi hakuna ngoma wala kamera. Mahakamani ataulizia kesi zilizofunguliwa Desemba zimefika wapi. Kwenye nyumba salama atauliza nani amerudishwa kwao, na mzazi aliahidi nini mbele ya ustawi wa jamii. Halafu aende shuleni asubuhi, asikilize mwalimu akiita majina ya kwenye daftari la mahudhurio, na ahesabu wasichana wasioitikia.