Klachi ya Pikipiki Kuukuu: Ijaribu Kabla Hujaifungua

Klachi iliyochoka hujulikana kilimani. Dereva anaongeza mafuta, injini inanguruma, lakini mwendo unabaki uleule, na baada ya muda mfupi harufu ya kuungua inapanda kutoka chini ya magoti. Kwenye gereji nyingi hukumu hutoka palepale: klachi imeisha, kanunue pleti. Wakati mwingine ni kweli. Lakini nimeona pikipiki nyingi zikihukumiwa hivyo hata waya wa klachi haujaguswa, na mwenye chombo anarudi baada ya siku chache na ugonjwa wake uleule, safari hii pleti zikiwa mpya na mfuko ukiwa mtupu.

Chukua Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Injini yake iliigwa na viwanda vingi vya China, na nakala zake bado zinabeba abiria na magunia katika miji na vijiji vyetu. Klachi yake, kama ya pikipiki nyingi, imo ndani ya oili ya injini. Ni rundo la pleti za aina mbili zinazopishana: ya msuguano, ya chuma kitupu, ya msuguano tena, hadi mwisho. Pleti za msuguano zina masikio pembeni, nayo yanaingia katikati ya vidole vya kikombe cha nje kinachozungushwa na injini. Zile za chuma zina meno upande wa ndani, yanayoshika kitovu cha kupeleka nguvu kwenye giaboksi. Springi zinalibana rundo zima. Ukivuta mkono wa klachi, mbano unaondoka, pleti zinaachana, na injini inazunguka bila kusukuma gurudumu.

Kwa nini pleti ziwe nyingi? Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba nguvu ya msuguano hutegemea mbano, si ukubwa wa eneo linalogusana. Kwa hiyo kuongeza upana wa utepe wa msuguano peke yake hakusaidii. Kinachosaidia ni kuongeza idadi ya nyuso, maana mbano uleule wa springi hupita katika kila pleti ya rundo. Pleti 5 za msuguano zina nyuso 10, na kila uso unabeba sehemu yake ya kazi. Hapo ndipo fundi makini anapoanzia: mbano ukilegea, nyuso zote 10 zinapungukiwa kwa mkupuo mmoja. Na mbano unaweza kulegea hata pleti zikiwa nzima kabisa.

Magonjwa makubwa ya klachi ni mawili, nayo yanapingana. Kuna klachi isiyoshika, yaani inateleza, na kuna klachi isiyoachia. Ukichanganya haya mawili, dawa ya mmoja itazidisha mwingine.

Utelezi hupimwa barabarani. Tafuta barabara tupu na salama, ingia gia ya juu kabisa kwenye mwendo wa kilomita 40 hadi 50 kwa saa, kisha fungua mafuta yote kwa ghafla. Katika gia ya juu injini haiwezi kupandisha kasi haraka, hivyo karibu nguvu yake yote inalazimika kupita kwenye pleti. Sauti ikipanda mbio na mwendo usiifuate, klachi inateleza. Sauti na mwendo vikipanda pamoja polepole, lakini chombo hakina nguvu, iache klachi na uangalie kabureta, plagi, filta ya hewa na mkandamizo wa injini. Na ukisikia mitikisiko ya ghafla kila unapoongeza mafuta, piga magoti uangalie sproketi ya nyuma. Meno yaliyochongoka huruhusu cheni kuruka, na wengi huudhania mruko huo kuwa klachi.

Ukithibitisha kwamba inateleza, anza mkononi. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na mchezo kabla haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 10 na 20 ukipimwa nchani. Pleti zinavyolika mchezo huo hupungua, na dereva asipourekebisha unafika sifuri. Hapo waya unavuta wakati wote, kana kwamba mtu ameshika klachi kidogo safari nzima. Springi hazibani kikamilifu, pleti zinateleza, joto linapanda, na zilizokuwa nzima zinaungua kwa kosa la nati ya kurekebishia. Kwenye pikipiki kuukuu chomoa waya pia, uuvute kwa vidole ukiwa umefunguliwa ncha zote mbili. Ukikwama au ukikwaruza ndani ya ala yake, kutu imeingia. Mkono haurudi mpaka mwisho, na matokeo ni yaleyale. Waya mpya ni rahisi kuliko seti ya pleti.

Kinachofuata ni oili. Oili nyingi za magari madogo zina viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na kwenye gari havina madhara kwa sababu klachi ya gari haiko ndani ya oili ya injini. Kwenye pikipiki vinafika moja kwa moja kwenye pleti. Ndiyo maana Japani iliweka kipimo cha JASO mwaka 1998, chenye alama MA kwa oili inayofaa klachi ya aina hii, na MB kwa oili yenye msuguano mdogo. Geuza chupa, tafuta alama hiyo. Kama utelezi ulianza mara baada ya kubadilisha oili, basi mwaga oili hiyo kwanza.

Klachi isiyoachia ina dalili nyingine. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, pikipiki inataka kusogea ukiwa umebana klachi, na frii haipatikani kwenye foleni. Zima injini ujaribu tena. Frii ikipatikana kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, tatizo ni klachi. Ikiendelea kugoma, tazama mfumo wa kubadilishia gia. Kiini cha kwanza ni mchezo uliozidi, kinyume cha ule wa utelezi. Kiini ambacho wengi hukipita ni kikombe chenyewe. Kwa miaka mingi masikio ya pleti hugonga vidole vya kikombe, ambavyo ni vya aluminiamu, hadi vikachimbika vijishimo. Pita kwa kucha: ikinasa, pleti nazo zinanasa hapo, hazitelezi kuachana. Vijishimo vifupi hupigwa tupa kwa uangalifu; vikiwa virefu kikombe kinabadilishwa. Ukiweka pleti mpya ndani ya kikombe kilichochimbika, umetupa fedha.

Ikibidi kufungua, usikubali pleti zitazamwe kwa macho tu. Unene wa pleti za msuguano upimwe kwa kalipa na ulinganishwe na kiwango cha kitabu cha pikipiki husika. Za chuma zilazwe juu ya kioo kinene, fila geji ipitishwe chini yake kutafuta zilizopinda. Rangi ya buluu ni ushahidi: chuma hupata utando wa oksidi wa rangi hiyo kikifikia karibu nyuzijoto 300. Springi zilizofupika zibadilishwe zote kwa pamoja. Pleti mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa. Na kwenye injini za ukoo wa CG, kifuniko kikiwa wazi, safisha na kile kichujio cha oili kinachozunguka mwishoni mwa kranki, kwa sababu unga wa pleti zilizoungua huishia humo.

Ndugu msomaji mwenye pikipiki, kesho kabla ya kuondoka pima mchezo wa mkono wako wa klachi kwa rula. Ukimpelekea fundi kazi, mwombe aijaribu barabarani mbele yako kabla ya kushika spana, na pleti zilizotolewa akukabidhi mkononi uzione.