Kopo la Kuwashia Mkaa: Hewa Badala ya Mafuta ya Taa

Dumila, mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa, uko mahali ambapo njia ya kwenda Kilosa inaachana na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma. Kama ilivyo katika miji mingi ya njia panda, riziki ya wachoma nyama, wachoma mahindi na mama lishe hutegemea wasafiri, na msafiri hana muda wa kusubiri. Mkaa usioshika moto upesi humkosesha mpishi wateja. Ndiyo sababu wapishi wengi nchini huwasha jiko kwa mafuta ya taa, na wengine kwa vipande vya plastiki.

Njia zote mbili zina madhara. Mafuta ya taa yakimiminwa juu ya makaa yenye moto hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo hushika moto kwa ghafula na huweza kumuunguza mpishi uso na mikono. Plastiki nayo hutoa moshi wenye sumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine vya plastiki bado vimezagaa na huishia jikoni.

Mkaa hauhitaji mafuta ili uwake. Unahitaji joto na hewa, na vyote viwili vyaweza kupatikana kwa kopo tupu.

Jinsi kopo linavyojipepea

Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Huanza kuwaka ukifikia nyuzi 300 hadi 400 za Sentigredi, na huendelea kuwaka iwapo tu oksijeni inaufikia. Vipande vilivyotawanywa hupoteza joto kila upande, na mpishi hulazimika kupepea. Vikipangwa ndani ya kopo lililo wazi juu na chini, kila kipande hupashana joto na jirani yake. Hewa iliyopata moto nayo hutanuka na kuwa nyepesi: hewa ya nyuzi 300 ina uzito wa karibu nusu tu ya hewa ya nyuzi 25 yenye ujazo uleule. Hewa hiyo hupanda na kutoka juu, na hewa mpya huvutwa kuingia chini. Kadiri moto unavyokolea, ndivyo hewa inavyovutwa kwa nguvu zaidi. Kanuni hii ndiyo inayotumika katika mabomba marefu ya moshi ya viwanda.

Namna ya kutengeneza

1. Litafutwe kopo la maziwa ya unga lenye upana wa sentimita 15 hivi na kimo cha sentimita 20 hadi 25. Kopo lililokuwa na dawa ya wadudu lisitumike kamwe. Bati lililopakwa zinki pia halifai, kwani zinki ikipata joto kali hutoa mvuke unaodhuru.

2. Kitako na mfuniko viondolewe, na kingo zenye makali zikunjwe kwa nyundo.

3. Kuzunguka sehemu ya chini yatobolewe matundu 12 hivi, kila moja liweze kupitisha kidole kidogo.

4. Karibu na ukingo wa juu yatobolewe matundu 2 yanayotazamana, na upitishwe waya mnene uwe mshikio kama wa ndoo. Kwa kuwa mshikio huo utapata moto, iandaliwe ndoano ya waya yenye mpini mrefu wa mti.

5. Kabla ya kutumika kwa mapishi, kopo liunguzwe nje mara moja ili rangi yake iishe.

Wakati wa kuwasha, kopo husimamishwa ndani ya jiko, mlango wa majivu ukiwa wazi. Chini hutiwa karatasi kavu na magunzi ya mahindi yaliyovunjwa, na juu yake mkaa, vipande vidogo vikitangulia. Karatasi huwashwa kupitia matundu. Baada ya dakika 15 hadi 20 vipande vya juu huanza kufunikwa na majivu. Hapo kopo huinuliwa wima kwa ndoano, na mkaa hubaki jikoni. Kopo liwekwe pasipofikiwa na watoto hadi lipoe.

Hatari isiyoonekana

Wengi hudhani kwamba mkaa uliokolea hauna madhara kwa kuwa hauna moshi. Dhana hiyo imeua watu. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika vijiji vya Milima ya Uluguru, ambako usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, jiko lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala. Kopo nalo litumike nje.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hadi hapo mkaa utaendelea kutumika, na tanuri la udongo la kienyeji huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya mkaa. Mpishi anayetumia kopo na awashe kiasi anachohitaji tu, na mkaa unaobaki auzime kwa kuufunika, ili utumike tena kesho yake.