Leseni Haitoshi: Kwa Nini Dereva Mpya wa Lori Afundishwe Muda Mrefu

Kila mmoja wetu ajaye shuleni hapa kutoka upande wa Morogoro au Dar es Salaam hupita mlima wa Kitonga. Sisi wanafunzi aghalabu huwa tumelala usingizi ndani ya basi. Tukiamka, twayaona malori yaliyo mbele yetu kuwa ni kero tu, maana yanakwenda polepole mno. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka likizo ya mwezi wa Juni, niliposhuka mlima ule ndani ya lori. Tangu siku ile nimelichunguza swali moja, na leo nataka kulieleza kwa kadiri ya uwezo wangu: kwa nini mtu aliyekwisha kupata leseni ya gari kubwa asiachiwe mara moja kwenda safari peke yake?

Swali hili lilianzia nyumbani kwetu. Baba alikuwa dereva wa malori kwa miaka mingi, lakini macho yake yamepungua nguvu, na mwaka jana aliacha kazi. Kaka yangu alikuwa amemaliza mafunzo ya udereva na kufaulu mtihani. Mtu mmoja mwenye lori akaja nyumbani akamwambia kwamba wiki ile ile angempa mzigo wa kupeleka Tunduma. Mama alifurahi, nami nilifurahi, kwani fedha zilikuwa haba. Baba akakataa. Alitaka kaka akae kwanza mwaka mzima pamoja na baba mdogo, aendeshaye lori la trela lichukualo mbao kutoka Mafinga, na muda wote huo apate posho tu.

Kaka alikasirika sana. Akasema, "Baba, leseni ninayo. Serikali imekwisha kunipima, nawe wanipima tena?"

Baba akamjibu, "Mwanangu, serikali imeona kwamba waweza kuliondoa lori. Mimi nataka kujua kama waweza kulizuia."

Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande wa kaka.

Shule ilipofungwa, baba mdogo alinichukua Iringa mjini, kwa ruhusa ya mwenye lori. Kaka ndiye aliyeshika usukani, baba mdogo alikaa kushoto kwake, nami nikakaa nyuma yao penye kitanda. Tulipokaribia kuanza mteremko wa Kitonga, baba mdogo alimwambia kaka apunguze gia. Kaka akashuka gia moja, akaona inatosha. Kwa kweli hata mimi niliona inatosha. Jua lilikuwa likiwaka, barabara ilikuwa kavu, na lori lilikuwa limetulia.

Baada ya kona chache mwendo ukaanza kuongezeka. Kaka akakanyaga breki, ukapungua. Akaachia, ukaongezeka tena. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga. Ikaja harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Kaka akapeleka mkono kwenye gia ili apunguze. Baba mdogo akaushika mkono ule.

"Acha gia! Ukiitoa sasa haitaingia tena. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu, wala usiachie. Ingia kushoto pale penye upana."

Lori likasimama. Tuliposhuka, moshi ulikuwa ukitoka katika magurudumu ya trela. Baba mdogo akaweka mawe mbele ya matairi, akakataza mtu yeyote asimwage maji, maana chuma chenye moto kikipata maji baridi huweza kupasuka. Tulikaa pale karibu saa nzima. Malori mengine yakatupita polepole, na safari hii sikuyaona kuwa ni kero.

Kaka akauliza, "Baba mdogo, mbona hukuniambia mapema?"

Akajibu, "Nilikuambia upunguze, ukapunguza moja. Nilijua hapa penye upana si mbali, na breki zilikuwa bado baridi. Ningekushikia gia ungesahau. Sasa hutasahau."

Wasomaji, hebu tujiulize: kosa lilitendeka wapi? Watu watasema ni pale harufu ilipoanza. Sivyo. Lilitendeka juu, kabla ya mteremko, mahali ambapo hapakuwa na hatari yoyote ya kuonekana kwa macho. Hilo ndilo jambo kubwa nililojifunza: katika lori, kosa hutangulia na hatari hufuata nyuma. Mwenye motokaa ndogo huweza kuiona hatari kisha akaiepuka. Dereva wa lori hana budi kuijua kabla hajaiona. Kujua huko hakupatikani kwa wiki chache. Nitatoa mifano minne.

Kwanza, mlima. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori lenye trela kufikia tani 56, mzigo na gari lenyewe pamoja. Nilipiga hesabu, na mwalimu wetu wa Fizikia akaisahihisha. Lori la tani 56 likishuka mita 100 za kimo, hutoa nguvu ya jouli milioni 56. Kulisimamisha lori hilo hilo kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni jouli milioni 8 hivi. Basi, dereva akizitegemea breki peke yake, kila mita 100 za kimo ni kama kulisimamisha lori kabisa mara 7, bila nafasi ya kupoa. Nguvu ile haipotei, bali hugeuka kuwa joto. Ngoma za breki zikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, na viatu vyenyewe hupoteza mshiko. Tena breki za lori hutumia upepo uliohifadhiwa katika mitungi, na mtu akikanyaga na kuachia mara nyingi, upepo huisha upesi kuliko mashine inavyoweza kuujaza. Ndiyo maana dereva hodari hushuka kwa gia nzito, injini ikilizuia lori, na breki akaziwekea akiba. Gia hiyo huchaguliwa juu, maana lori likisha kuchukua mwendo, gia ndogo haiingii. Na atakayeweka nyutro ili aokoe mafuta amejinyima kizuizi chake kikubwa.

Pili, kusimama. Nje ya miji, mwendo wa mwisho wa magari mazito hapa Tanzania ni kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo lori hukata mita 22 kila sekunde moja. Mtoto akitokea barabarani, sekunde ya kushtuka tu imekwisha kula mita 22, kisha upepo wa breki nao wahitaji kitambo kidogo kufika magurudumu ya nyuma, ndipo lori laanza kupunguza mwendo. Tulipopita katika hifadhi ya Mikumi, baba mdogo, ambaye sasa alikuwa ameshika usukani, alipunguza mwendo mahali ambapo mimi sikuona kitu. Mbele kidogo nikaona swala kando ya barabara. Alikuwa amekwisha kupunguza kwa ajili ya mnyama ambaye hajatokea.

Tatu, trela na mzigo. Katika kona, magurudumu ya trela hayafuati njia ya magurudumu ya mbele, bali hukata kwa ndani. Dereva asiyezoea hupita salama yeye, na trela lake likamkumba mwenye baiskeli. Mzigo wa mbao hupanda juu, na kadiri uzito unavyokuwa juu, ndivyo lori linavyopinduka upesi. Mafuta ndani ya tangi lisilojaa huyumba, na lori likisha kunyoosha kona yenyewe bado yanasukuma upande. Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, likashika moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sisemi kosa lilikuwa la nani. Nasema tu kwamba lori likianguka, wanaolipa si waliomo ndani peke yao.

Nne, usingizi. Baba mdogo asema usingizi haubishi hodi. Dereva anayesinzia saa 10 za usiku alikosa jana jioni, alipokubali kuondoka bila kulala. Kijana mpya huona haya kumwambia tajiri wake kwamba amechoka. Kuwa na moyo wa kusema "nitaondoka asubuhi" nako ni sehemu ya elimu ya udereva, na hujifunza kwa kumwona mkubwa wake akisema hivyo bila kuogopa.

Huenda msomaji akauliza, mbona zamani hapakuwa na mafunzo haya marefu? Yalikuwapo, ila hayakuitwa mafunzo. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilianza kupitishia mafuta yake Dar es Salaam, na malori mengi yalipita njia hii ikiwa bado ya vumbi, kabla bomba la mafuta halijafunguliwa mwaka 1968. Babu yangu alikuwa utingo wakati huo. Kazi yake ilikuwa kuweka magogo nyuma ya matairi mlimani, kufunga turubai na kubadili magurudumu. Alikaa utingo miaka 4 kabla ya kupewa usukani. Miaka ile 4, bila kujua, alikuwa darasani. Siku hizi malori mengi hayana utingo, na chuo ni cha wiki chache. Muda umefupishwa, lakini mlima haukufupishwa.

Wenye malori husema kwamba watu wawili katika lori moja ni gharama. Ni kweli, na siwalaumu kwa kuhesabu fedha. Lakini wahesabu pia viatu vya breki vilivyoungua, matairi, mzigo uliomwagika, na roho ya mtu ambayo haina bei. Daktari husoma Chuo Kikuu miaka 5, na bado hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi wa wakubwa wake, wala hatusemi kwamba anacheleweshwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, hata dereva wa lori mwenye miaka 20 kazini hurudi darasani saa 35 kila miaka 5. Kama mzoefu hurudi, mgeni aone haya ya nini?

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini mwalimu huyo wa pili, akiwa barabarani, mara nyingi hutoa somo moja tu.

Lori lile la Tunduma lilipewa kijana mwingine, nami namwombea salama. Kaka yangu bado yuko na baba mdogo. Nilipompigia simu baba mwezi uliopita, aliniambia kwamba kaka ameshuka Kitonga mara 6 bila harufu yoyote, na kwamba alipoulizwa kama sasa yuko tayari kwenda peke yake, alijibu, "Bado kidogo." Mimi muhula huu nimerudi shuleni na viatu vya mwaka jana, ambavyo vimeanza kufunguka mbele. Nilipokuwa nikivifunga asubuhi ya safari, baba alivitazama, asiseme neno. Nami sikulalamika.

Nawaomba wenzangu, siku ya kufunga shule, basi litakapokuwa nyuma ya lori pale Kitonga, tusimpigie dereva kelele alipite. Huenda aliyeshika usukani wa lori lile ni kaka yangu, naye yumo darasani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne