KELELE AU UJUMBE? JANDO NA UNYAGO WA MASASI

Darasani tunafundishwa kwamba mawasiliano yana mtumaji, ujumbe, njia, mpokeaji, na kelele inayovuruga njiani. Modeli hiyo ya Shannon na Weaver (1949) ilitokana na kazi za simu, na kwa simu inatosha. Je, inatosha kwa watu wa tamaduni mbili? Hebu tuijaribu kwetu Masasi.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 wakiongozwa na Askofu Steere, pamoja na watumwa walioachwa huru kutoka Unguja. Kwa wengi wao jando lilikuwa ndiyo kelele yenyewe, kitu cha kuondolewa ili Injili isikike. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona vingine. Alilichukua jando, akabakiza tohara, kumbi na mafunzo, akaweka sala za Kikristo mahali pa maombi kwa wahenga. Sasa hapo mtumaji ni nani, jamani? Padri atasema amelibatiza jando. Wazee nao wanaweza kusema wamelipatia kanisa kazi kijijini. Wote wamo kumbini, kila mmoja anasoma matini yake. Hapa Stuart Hall (1973) anatusaidia zaidi, maana anampa mpokeaji haki ya kufasiri kinyume na alivyokusudia mtumaji.

Kwa unyago mambo yalikuwa magumu. Jando lilikuwa na wanaume pande zote mbili. Unyago padri hakuweza kuuingia, na akina mama hawakuwa na haja ya kumweleza. Edward Hall (1976) angesema huu ni utamaduni wa muktadha mzito, ambamo mengi hayatamkwi. Nakubali nusu. Muktadha haujiwekei uzito wenyewe. Kuna mtu anaulinda.

Hilo nimelijua nyumbani, Mkomaindo. Likizo iliyopita nilimwomba bibi anifafanulie nyimbo mbili za unyago nilizokusudia kuzihakiki. Mimi nimechezwa, kwa hiyo nilidhani sina kizuizi. Alipoiona kalamu akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mjukuu wangu, hayo uliambiwa wewe. Daftari halikuambiwa.”

Kwa hesabu ya Shannon, ujumbe haukufika. Mimi naona ulifika wote. Mhadhiri wangu bado anadai sura ya pili.