Lenzi yenye tundu pana: je, yafaa gharama yake?

Na Mwandishi Wetu, Voi

Ilikuwa baada ya sala ya Isha, katika nyumba moja hapa Voi. Nikaha ilikwisha kusomwa, halua imepita, na wageni walikuwa wakingoja sinia za pilau. Nyanya wa bibi arusi, ambaye asubuhi hiyo aliteremka kutoka upande wa Wundanyi, alikuwa ameketi mkekani, mgongo ameuegemeza ukutani. Kijana mpigapicha alipomsogelea, bibi aliinua kiganja akajifunika uso.

"Shikamoo, nyanya," alisema kijana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Lakini hiyo radi yako iweke mbali nami. Macho yangu yametoka kupasuliwa juzi tu. Isitoshe, kila picha yangu nimefumba macho. Watu watasema mimi arusini huenda kulala."

Waliokuwapo walicheka. Kijana hakucheka, kwa kuwa wenye arusi walikuwa wamemwambia tangu mchana kwamba picha ya bibi huyo ndiyo wanayoitaka kuliko zote. Chumba kilikuwa na taa moja tu darini, na lenzi iliyokuja na kamera yake haikuwa na uwezo wa kufanya kazi hapo bila ya fleshi. Akafungua mkoba wake, akatoa lenzi fupi, nyepesi, aliyoazima kwa mwenzake. Ilikuwa Canon RF ya milimita 50, f/1.8.

Mimi nilikuwapo kwa ajili ya lenzi hiyo. Kijana huyu hupata riziki yake kwa arusi, maulidi na sherehe za shule, kutoka Voi hadi Mwatate na Taveta. Ameweka akiba kwa muda mrefu ili anunue lenzi ya kazi za usiku, lakini hakuwa na hakika kama anunue hii ya bei nafuu au ndugu yake mkubwa ya f/1.2, ambayo bei yake yashinda ya bodaboda mpya. Tulikubaliana tuijaribu siku tatu kabla hajatoa senti yake.

HESABU YA TUNDU

Lenzi ya aina hii haivuti karibu wala haisukumi mbali. Ukitaka uso ujae katika picha, huna budi kwenda kwa miguu yako mwenyewe. Badala ya kuvuta, imepewa tundu pana la kuingizia mwanga.

Namba ile ya f huwachanganya wengi, maana ikipungua ndipo tundu linapokua. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua zile milimita 50 uzigawanye kwa 1.8, utapata tundu la milimita 28 hivi, zaidi kidogo ya upana wa sarafu ya shilingi 20. Lenzi nyingi za kuvuta zinazouzwa pamoja na kamera, zikifika milimita 50, hufunguka hadi f/5.6 au karibu na hapo. Gawanya tena, utaona kuwa tundu lao halifiki milimita 9, kipimo cha kifungo cha kanzu.

Kwa kuwa mwanga hupita katika eneo lote la tundu, tofauti hiyo si ya mara tatu bali ya mara tisa au kumi. Katika chumba kile cha taa moja, lenzi ya kawaida ingehitaji kamera ifumbue jicho kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa muda huo hata mkono unaopokea kikombe cha kahawa hugeuka moshi. Lenzi ya f/1.8 ilitosheka na sehemu moja ya mia, ISO ikiwa 3200. Ingekuwa ni lenzi ile ya kwanza kwa kasi hiyohiyo, ISO ingepita 30,000 na picha ingejaa chenga kama mchanga.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na kila mpigapicha wa nchi hii. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi humeta mara 100 katika sekunde hiyo bila ya macho kutambua. Kamera ikipiga kimyakimya kwa njia ya umeme, kama wengi wapendavyo nikaha inaposomwa, picha yaweza kutoka na mistari ya giza. Dawa yake ni kushika kasi ya moja kwa mia au moja kwa hamsini, na kupiga ya majaribio kabla ya shughuli kuanza.

ALIYOYASEMA IBN AL-HAYTHAM

Lakini tundu pana halitoi mwanga bure. Jambo hili lilichunguzwa zamani na mwanachuoni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Kairo mnamo 1040, mtungaji wa Kitab al-Manazir. Katika risala yake juu ya sura ya kupatwa kwa jua alieleza kwamba mwanga wa jua lililopatwa, ukipita katika tundu dogo, huchora mfano wa hilali ukutani. Tundu likipanuliwa, hilali hupotea na hubaki duara tupu. Tundu dogo hutoa sura safi yenye mwanga haba, na tundu pana hutoa mwanga mwingi lakini sura hutawanyika.

Vioo vya lenzi vimewekwa ili viukusanye tena mwanga huo uliotawanyika. Hata hivyo deni halifutiki lote. Lenzi hukusanya vizuri kwa umbali mmoja tu, na kadiri tundu linavyopanuka ndivyo eneo lililo safi linavyokuwa jembamba. Kwa lenzi hii ikiwa wazi kabisa, kwenye kamera yenye kihisi kikubwa, mtu aliye umbali wa mita moja ana kama sentimita nne tu za usafi. Jicho likiwa safi, sikio limekwisha ingia ukungu. Kwa f/1.2 zinabaki sentimita tatu.

Ndiyo maana lenzi hizi zimepata bahati kwa kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani. Katika kamera za zamani, kioo kilicholala kati ya lenzi na kihisi kilitaka nafasi yake. Kwa Canon nafasi hiyo ilikuwa milimita 44, na katika mtindo mpya ulioanza mwaka 2018 imepungua hadi milimita 20. Faida kubwa zaidi kwa mtu wa arusi ni kwamba kamera hizi zinalitambua jicho la binadamu na kulifuata zenyewe. Zamani ungepiga thelathini upate moja.

MSITUNI NA JUANI

Siku ya pili tulipanda Milima ya Taita hadi msitu wa Ngangao, ambako hata adhuhuri mwanga hupita kwa kuchujwa na majani. Wanaokwenda huko kwa ajili ya ndege wasiopatikana penginepo duniani ila milima hii wasiitegemee lenzi hii, kwani ndege atatoka kama punje ya mtama. Lakini kwa kuvu, kangaga na mashina yenye kuota ukoka wa kijani ilifanya kazi nzuri. Husogea hadi sentimita 30, na hatukuhitaji kubeba miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

Siku ya tatu ilikuwa ya mjini, na hapo tuliona aibu zake. Juani, ikiwa wazi, mwanga huzidi hata kwa kasi ya moja kwa elfu nne, na ni lazima uibane. Kanzu nyeupe ikisimama mbele ya anga kali, pindo lake hupata rangi ya zambarau. Pembe za picha ni hafifu hadi ufike f/4 hivi. Kibaya zaidi kwa Voi ni vumbi. Lenzi hii haikuzibwa dhidi ya vumbi wala maji, na sehemu yake ya mbele hutoka na kurudi inapolenga. Vumbi jekundu linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo halitamwonea haya mtu wa kamera. Mwenye kuinunua na anunue pia kifuniko cha kioo cha mbele, cha milimita 43.

Mwenye kamera ya kihisi kidogo ajue pia kwamba kwake milimita 50 itabana kama milimita 75 au 80. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu mgongo wake utagonga ukuta kabla hajawapata watu wawili. Huyo ni bora atafute lenzi ya milimita 35 au chini ya hapo.

UKUNGU SI STARA

Kuna neno linalosemwa na baadhi ya wapigapicha, kwamba lenzi hizi zinawasitiri akina mama, kwa kuwa walio nyuma ya bibi arusi hugeuka ukungu. Tulilipima neno hili kwa uangalifu, na hatukuliona kuwa kweli. Mtu asiyewajua hatawatambua, lakini jirani humjua jirani kwa mtandio wake, kwa umbo lake na kwa namna anavyokaa. Picha ikisambaa katika simu, ukungu huo haumsaidii mtu. Ruhusa huombwa kwa mdomo, na chumba cha kupambia huingiwa na mpigapicha mwanamke. Hakuna lenzi iliyobadilisha hilo.

BEI NA UAMUZI

Lenzi ya f/1.8 ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2020 bei yake Marekani ilikuwa dola 199. Ile ya f/1.2, iliyotoka 2018, ilikuwa dola 2,299. Kwa shilingi 130 kwa dola, hizo ni kama shilingi 26,000 na shilingi 300,000, kabla ya usafiri na ushuru. Ya kwanza ina uzito wa gramu 160, ya pili gramu 950.

Ile kubwa ina ubora wake, wala hatuukatai. Imezibwa dhidi ya vumbi na ni safi hata pembeni. Tundu lake la milimita 42 linakaribia mdomo wa kikombe cha kahawa chungu. Lakini mwanga inaoongeza juu ya ile ndogo ni mara mbili na robo tu, ilhali bei ni zaidi ya mara kumi na moja. Ile ndogo inakutoa gizani. Ile kubwa inakuongezea raha ukiwa umekwisha toka. Kwa mtu anayelipwa kwa arusi za Voi, na anayelisha nyumba kwa kazi hiyo, fedha iliyobaki ina matumizi bora zaidi, kama betri ya pili, karatasi nzuri za kuchapia, na akiba ya mwezi wa Ramadhani ambao arusi huwa hakuna. Na asiye na uwezo hata huo atazame lenzi za zamani za Canon EF 50 f/1.8, zilizotengenezwa tangu mwaka 1987, ambazo hufanya kazi katika kamera mpya kwa kuvishwa pete ya kuunganishia.

Kijana amechagua ile ndogo.

Nirudi kwa bibi wa Wundanyi. Picha tatu za mwanzo ziliharibika, kwani kamera ilishika pindo la mtandio wake na macho yakabaki ukunguni. Kijana alirudi nyuma hatua moja, akaibana lenzi hadi f/2.2, akangoja. Bibi akasahau kuwa yumo katika kamera, akamgeukia mjukuu wake aliyekuja kumbusu mkono. Hapo kijana akapiga, na hapakuwa na radi yoyote.

Alimwonyesha picha hiyo katika kioo cha kamera. Bibi aliitazama muda mrefu, akaisogeza karibu kisha mbali.

"Kumbe macho yangu ni kama ya mama yangu," alisema. "Ichapishe ya karatasi, mjukuu wangu. Hiyo ya simu mimi siwezi kuitundika ukutani."

Ilichapishwa kesho yake, naye akapanda nayo matatu ya kurudi Wundanyi, ikiwa ndani ya bahasha, ameishika kwa mikono miwili.