Fahamu: Arusha hadi Dar es Salaam kwa ndege ni mbali kiasi gani?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) hadi uwanja wa Julius Nyerere ni takriban kilomita 450 angani, mwendo wa saa moja na ushei.

Kwa nini safari huzidi hapo?

Kilomita hizo hupimwa uwanja hadi uwanja, si mlango hadi mlango. Msafiri wa Akheri, mashariki mwa jiji la Arusha, huelekea KIA upande wa Moshi, au huvuka jiji zima hadi uwanja wa ndege wa Arusha ulioko Kisongo. Kisha kuna ukaguzi, kusubiri mizigo na foleni za Dar. Saa moja huwa nne kwa urahisi. Wapo watakaosema basi huchukua kutwa nzima. Kweli, ndege bado inashinda, ila kwa tofauti ndogo kuliko tiketi inavyodokeza.